Kipanga wa Sakina: abaki shule ya serikali au alipiwe ada?

Dada yangu ana binti wa darasa la nne katika shule ya serikali huku Sakina, Arusha. Darasani wako zaidi ya 90. Mwezi uliopita mwalimu alimwita dada pembeni akamwambia, "Mama, huyu anamaliza kazi wenzake hawajaandika tarehe. Mkiweza, mtafutieni shule binafsi." Tangu siku hiyo, nyumbani hatuna mazungumzo mengine.

Maneno ya mwalimu yana uzito. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya serikali yalifurika, na mwenye madaftari 90 ya kusahihisha atampa saa ngapi kipanga swali la ziada? Kuna na lugha. Binti anasoma kwa Kiswahili hadi amalize msingi, halafu kidato cha kwanza anaikuta Biolojia kwa Kiingereza. Nimewaona watoto wenye akili sana wakinyamaza mwaka mzima, jibu wanalo ila maneno ya kulisemea hawana. Aliyetoka mchepuo wa Kiingereza hana mzigo huo.

Basi nikamsindikiza dada kutembelea shule moja ya binafsi inayosifiwa sana mjini. Ukuta wa ofisi umejaa matokeo, wastani wa A miaka yote. Nikaomba daftari la hesabu la mtoto anayeongoza darasa la nne. Maswali 40 ya kugawanya, ya aina moja, yote yamewekewa vema. Ukurasa wa nyuma mtoto alikuwa amechora treni, na kila behewa lina namba: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21. Kuanzia la tatu, kila behewa ni jumla ya mawili yaliyolitangulia. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Usichafue daftari."

Daftari lile halijanitoka. Shule nyingi za namna hiyo zinauza wastani, na wastani unatengenezwa kwa kurudia mitihani iliyopita asubuhi hadi jioni, pamoja na mchujo: asiyefikisha alama arudie darasa au ahame. Mtoto mwenye kipaji hachujwi, lakini kwa kuwa A yake ina uhakika, hakuna anayehangaika naye. Na saa 11 alfajiri Haisi ya shule iko mlangoni, kwa sababu tangu 2023 bweni haliruhusiwi kwa madarasa ya chini ya la tano.

Shemeji anasema avumilie tu, afaulu, achaguliwe shule ya vipaji maalumu. Angekuwa mvulana, Ilboru iko hapo jirani. Msichana anatazama Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma au Tabora Wasichana. Umbali ningeumeza. Kinachonitisha ni miaka ya kusubiri, maana mtoto anayeshinda kila siku bila kujitahidi anazoea kutojitahidi, na kuliondoa zoea hilo ukubwani ni kazi. Shule ya St. Jude ya Moshono, iliyofunguliwa 2002, inasomesha bure watoto wenye uwezo, ila ni wa familia maskini. Dada ana duka Kilombero ya hapa Arusha, hatapita hapo.

Halafu wako wadogo zake wawili. "Nitamwambia nini Kulwa," dada aliniuliza, "akimwona dada yake anapanda gari na yeye anatembea?" Swali hilo sikuwa na jibu lake, na bado sina.

Shule ya pili tuliyokwenda iko Ngaramtoni. Majengo ya kawaida, watoto 25 darasani, matokeo ya kati. Mwalimu wa hesabu hakumuuliza binti alama zake. Alimwaga njiti sita za kiberiti mezani: "Nitengenezee pembetatu nne, pande zote sawa, usivunje njiti." Binti alizipanga, akazipangua, dakika kumi, kumi na tano. Dada alitaka kusaidia, mwalimu akamzuia kwa mkono. Mara binti akaacha kuzilaza, akasimamisha tatu juu ya pembetatu ya chini, akazishika ncha kwa vidole. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametoka jasho kwa swali la shule.

Kwa upande wangu, hiyo ndiyo shule ya kulipia. Ada ni milioni moja na laki mbili, na nimeahidi kuchangia nauli. Dada bado anapiga hesabu za duka. Binti ameficha kiberiti chini ya mto.