Panadol mbili za dukani: hatari iko wapi hasa?

Watu wakiongea juu ya Panadol na ini utadhani kidonge kinashuka moja kwa moja kwenda kula ini. Si hivyo. Paracetamol, ile dawa iliyo ndani ya Panadol, yenyewe ni mpole tu, shida ni kile ini linatengeneza likijaribu kuiondoa. Nyingi inatoka na mkojo bila kelele, lakini kidogo, kitu asilimia 5 mpaka 10 hivi, inapitia enzaimu kama CYP2E1 na kugeuka kitu kikali kinaitwa NAPQI, na hicho kinang'ang'ania protini za seli. Ukikunywa dozi ya kawaida hakuna noma, glutathioni, kinga ya ini lenyewe, inakidaka hapo hapo. Ikiisha ndio balaa, na mtu anaweza shinda siku nzima akijiona yuko fiti kumbe ini linakufa polepole.

Sasa wako wanaosema dawa hizi ziondolewe dukani zibaki kwa kemisti. Wana pointi, hata Uingereza mwaka 1998 walipunguza pakiti, ya duka la kawaida ikabaki na vidonge 16. Lakini angalia hapa Kawangware, mama wa duka anachukua makasi anakata stripu anakupa mbili, yaani bila sheria yoyote ameshakuwa mkali kuliko Waingereza! Na saa tano usiku mtoto anachemka, kemisti imefungwa, utaenda wapi?

Mimi naona shida ni yale makasi. Kale kapande unapewa hakana jina wala miligramu, so unameza mbili, unaongeza ya flu ambayo pia ina paracetamol ndani, halafu ya jino ulipewa na jirani, kumbe dozi ya mwisho ya mtu mzima kwa siku ni gramu 4, vidonge 8 vya miligramu 500. Wa keg kila siku na asiyekula vizuri ako pabaya zaidi, CYP2E1 yake iko juu na glutathioni iko chini.



Kuna dawa ya kuokoa, asetilisisteini, inasaidia sana ikianzwa ndani ya masaa 8, lakini daktari atauliza umemeza nini na ngapi. Kampuni zichape jina na miligramu nyuma ya kila kidonge, makasi yakate popote, kisha hiyo story ya kufungia maduka tuirudie baadaye.