Huna kiwanja Dodoma? Ning'iniza nyanya, ila usining'inize kikopo

Wapangaji wenzangu, hii habari ya kwamba huwezi kulima kitu kwa sababu huna kiwanja mi naomba tuiache kabisa. Toka serikali ianze kuhamia huku 2016, na 2018 Dodoma ikatangazwa jiji, vyumba vya kupanga vimejengwa kila kona, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Swaswa, mpaka Mkonze huko, na uwanja ukiuangalia umemwagwa zege au umewekwa pevingi hadi ukutani, pa kuotesha hata mchicha hapapo. Ila kibaraza kipo. Na kwenye kibaraza watu wananing'iniza maua, tena mazuri tu, sina ugomvi nayo, ninachosema ni kwamba kenchi inayobeba ua inabeba na nyanya.

Watu wengi ukiwatajia nyanya ya kuning'inia wanashangaa, maana tumezoea nyanya inasimikiwa mti, inafungwa kamba, inatolewa machipukizi kila wiki. Hiyo ni kwa zile ndefu kama Anna au Moneymaker. Lakini nyanya kwa asili yake, huko upande wa milima ya Andes Amerika Kusini, ni mmea wa kutambaa, haujasimama wenyewe hata siku moja, kwaiyo ukiuweka juu ukauacha ushuke hujauonea. Wenzetu wa nje wana mbegu kabisa za kazi hiyo, Tumbling Tom, Tumbler, na Lizzano ambayo 2011 ilipata tuzo ya All-America Selections kule Marekani, zote zinatoa vinyanya vidogo na matawi yake yanamwagika pembeni yenyewe, huhangaiki na machipukizi wala mti.

Hizo sio mbegu za kuzikuta kila duka la pembejeo, sawa, lakini usikwame hapo. Chukua nyanya cheri yoyote, hata vile vinyanya vidogo vinavyojiotea jalalani na pembeni ya bafu, tunda lake ni jepesi na tawi ni jembamba linaloinama bila kuvunjika. Cheri nyingi hazikomi kurefuka, kwaiyo unabakiza matawi mawili matatu, yakikaribia kugusa chini unakata ncha, basi. Ila usiniwekee mbegu za Tanya au Tengeru 97 pale juu. Shambani nazikubali sana, ila tunda lake ni zito, tawi likining'inia nalo siku ya upepo linapasuka kwenye shina.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe ambalo ndo limenifanya niandike. Ukubwa wa chombo. Naona watu wanachukua kopo la siagi au chupa ya maji ya lita moja na nusu imekatwa, wanaweka udongo kiganja kimoja, wanapiga picha inapendeza, baada ya muda nyanya imekufa na wanasema Dodoma haifai. Dodoma inafaa, chombo ndo hakifai! Hapa kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba ni jua kavu na upepo usiolala, udongo kidogo ulioning'inizwa hewani unakauka kama nguo kwenye kamba, mchana mmoja tu. Mi msimamo wangu ni ndoo ya lita kumi kwa mche mmoja, isipungue hapo, na kama una kikapu cha maua basi kiwe na upana wa sentimita 30 hadi 35 na kina cha kutosha, mche mmoja, sio miwili. Kikapu cha ukindu kinapendeza lakini hewa inapita pande zote, kitandike nailoni ndani uitoboe chini. Ndoo nyeusi inachemsha mizizi, tafuta nyeupe au ipake rangi.

Udongo usijaze ule mwekundu wa uwanjani peke yake, unashikana unakuwa tofali. Changanya na samadi iliyooza vizuri, na samadi Dodoma hamna shida, ng'ombe na mbuzi wapo kila upande, afu weka pumba za mpunga kidogo ili iwe nyepesi. Juu yake funika na maganda ya karanga, yanazuia maji yasipae. Ikishalowa hiyo ndoo ni kilo 12 au 15 huko, kwaiyo kamba yake ifungwe kwenye kenchi yenyewe, usithubutu kufunga kwenye siling bodi. Na mwombe mwenye nyumba kwanza. Mama mwenye nyumba mmoja alimjibu mpangaji wake, "mwanangu we ning'iniza tu, usinitobolee ukuta," na mpaka leo anachumiwa na yeye.

Pa kuning'iniza napo panahitaji akili kidogo. Jua la asubuhi ndo zuri, la saa nane mchana upande wa magharibi linaunguza, kwaiyo kila mtu atakwambia weka mashariki. Shida ni kwamba upepo wetu mwingi nao unatokea hukohuko mashariki na kusini mashariki. Kwaiyo tafuta kona ambayo asubuhi inaona jua lakini kuna ukuta, fensi au mwarobaini unaokata upepo, na usipandishe juu sana, usawa wa kifua unatosha, unamwagilia bila kupanda kiti. Upepo wa wastani sio adui, ua la nyanya linajichavusha lenyewe likitikiswa, na kama kona yako imetulia sana basi asubuhi jua likishapanda unagonga gonga tawi kwa kidole.

Maji najua ndo kilio chetu, kuna mitaa yanatoka kwa zamu. Mche uliokomaa kipindi cha joto unakunywa lita moja mpaka mbili kwa siku, ambayo ni maji uliyooshea mchele na mboga, yasiwe na sabuni tu. Mwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni, taratibu, udongo ukishakauka sana maji yanapita pembeni yanamwagika chini na mzizi haujaonja. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi utaona utando mweupe juu ya udongo, mvua ikinyesha kinga maji yake uusafishe huo udongo.

Na hili naomba mnielewe vizuri, ukiona nyanya inaoza kitako, inakuwa nyeusi kwa chini, usikimbilie dukani kununua dawa ya kupuliza. Huo sio mdudu wala ukungu, ni kalsiamu haijafika kwenye tunda kwa sababu leo umemwaga maji mengi kesho umesahau. Sawazisha maji, matunda yanayofuata yatakuja mazima. Na urea punguza, utapata majani mazuri ya kupigia picha na tunda hamna, ikianza kutoa maua bora mbolea ya NPK kijiko cha chai kwenye maji.

Kitu ambacho kwa kweli kinanifurahisha kuliko vyote ni kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili. Shambani huo ndo wakati bakajani inafyeka nyanya, kwa sababu ugonjwa ule unataka jani lililolowa, na ndo maana sokoni Majengo bei inapanda. Ya kwako iko chini ya bati, jani kavu, unamwagilia udongo tu. Kantangaze, yule mdudu ambaye viwavi vyake vinakula nyanya, ndo hajali bati, ni kipepeo anaruka, toka aingie nchini 2014 hajaacha mtu, kwaiyo kila asubuhi geuza majani, lenye michirizi myeupe lichume ulichome moto.

Chuma kila siku zinapoiva usiziache mtini, ndo mche unaendelea kutoa maua. Ukishachoka ung'oe, na ule udongo usirudishie nyanya, wala pilipili au bilinganya, maana magonjwa yake ni yaleyale. Ongeza samadi upande mlenda.