Rushwa ya ngono vyuoni: kamera ikishaondoka

Novemba 2018, Rais John Magufuli alipofika Mlimani kuzindua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, mhadhiri wa hapohapo, Dkt. Vicensia Shule, aliandika Twitter kumweleza kwamba rushwa ya ngono imekithiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeitwa kwenye kamati ya maadili baada ya hapo ni yeye aliyeandika. Na chuo hakikuwa bila sera. Kilikuwa nayo ya kupinga unyanyasaji wa kijinsia tangu 2006.

Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaosema vyuo havitajisafisha mpaka vyombo vya habari vivimulike. Wapo wanaojibu kwamba waandishi huhukumu kabla ya kusikiliza, na kwamba suala zito kiasi hiki liachiwe taratibu za chuo. Kila upande una hoja, ila kwangu mimi hazina uzito sawa.

Tuanze na wanaotaka mwanga. Oktoba 2019 BBC Africa Eye ilirusha uchunguzi ulioongozwa na Kiki Mordi, ambapo waandishi wa kike walijifanya wanafunzi na kuingia na kamera za siri Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana. Mordi mwenyewe amesimulia hadharani kwamba aliacha masomo kwa sababu ya mhadhiri aliyemwandama kimapenzi. Ndani ya siku chache wahadhiri walisimamishwa kazi, na Lagos kikafungwa chumba cha klabu ya wafanyakazi kilichoonekana kwenye filamu. Seneti ya Nigeria ilifufua muswada wa kuwabana wahadhiri siku mbili tu baada ya kipindi kurushwa. Muswada huo ulikuwa umeletwa mara ya kwanza mwaka 2016 ukakwama, huku chama cha wahadhiri, ASUU, kikilalamika kwamba unawalenga wao peke yao wakati uovu huo upo kila mahali. Julai 2020 Seneti iliupitisha, ukiwa na adhabu ya hadi miaka 14 jela. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Lagos kiliwafukuza kazi wahadhiri wawili. Ningependa mtu anionyeshe kamati ya chuo, bara hili zima, iliyokwenda kwa kasi hiyo bila kusukumwa.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Wahadhiri wa Ghana walioonyeshwa walikana tuhuma, na hata ukiwa huwaamini, mwandishi aliyejifanya mwanafunzi hana mtihani wa kufeli. Picha inaonyesha tabia ya mhadhiri. Haionyeshi alama iliyouzwa. Mbaya zaidi ni pale habari inapokuwa na kasoro. Novemba 2014 jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha simulizi ya mwanafunzi aliyedai kubakwa na kundi la wanaume Chuo Kikuu cha Virginia. Chuo kikasimamisha shughuli za vyama vyote vya udugu vya wanafunzi. Polisi walipochunguza hawakupata ushahidi wa kuunga mkono simulizi hiyo, na Aprili 2015 jarida likaifuta, baada ya ripoti ya shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Columbia kuonyesha kwamba hatua za msingi za kuhakiki zilirukwa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba msimamizi mmoja wa chuo alikashifiwa, alipwe dola milioni 3. Waliobaki na hasara isiyolipwa ni wanafunzi waliodhulumiwa kweli, kwa kuwa kila aliyetaka kuwatilia shaka alishapata mfano wa kunukuu.

Sisi hatuhitaji kwenda Virginia kujua kwamba chombo cha habari kinaweza kuumiza. Mlimani palikuwa na Mzee Punch, maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi iliyobandikwa ukutani. Yalianza kwa kuwakejeli wakubwa, baadaye yakawa fimbo ya kuwachapia wasichana, hasa waliowakataa wanaume. Aliyebandikwa alitengwa; aliyeonekana naye alijiweka hatarini kubandikwa pia. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa namna hiyo. Jina lake limeandikwa mara nyingi, na sioni haja ya kulirudia hapa. Waliolifanya jambo hilo kuwa la taifa zima ni waandishi wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, na kampeni zao ni sehemu ya historia ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwa hiyo ndani ya chuo kimoja, mwaka mmoja, maandishi ya hadharani yalimwangamiza binti, na maandishi ya hadharani yakamdai haki. Tofauti yake ilikuwa kwamba TAMWA waliandika kwa majina yao na wakaielekezea lawama taasisi. Mzee Punch alijificha na kumwelekezea msichana.

Ninachokilaumu kwenye habari nyingi za leo ni kwamba zinaishia kwenye sura ya mhadhiri. Akifukuzwa, habari imekwisha, na kiti chake kinakaliwa na mwingine mwenye madaraka yaleyale. Katika vyuo vyetu vingi, alama kama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, ambazo mara nyingi husahihishwa na mtu mmoja. Huyo ndiye anayeweza kukusababishia sapu (mtihani wa marudio) au disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), na ukikata rufaa inaanzia idara yake, kwa wenzake wanaokunywa naye chai. Msahihishaji wa pili, kazi zenye namba badala ya majina, rufaa inayosikilizwa nje ya idara: haya hayatengenezi kipindi kizuri cha televisheni, lakini ndiyo yanayompunguzia mtu nguvu ya kutisha.

Sheria yenyewe ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Shida ni ushahidi, na baadhi ya wahadhiri waliofikishwa mahakamani na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, walinaswa kwa mtego, yaani dola nayo ilitumia mbinu ya BBC. Ndiyo maana mwaka 2024, ulipoletwa muswada wenye kipengele cha kumtia hatiani hata anayetoa ngono, wanaharakati walikuja juu. Shahidi pekee ukimgeuza mshtakiwa, nani atakubali kwenda kutega?

Marekani, mwaka huohuo wa 1990, ilipitisha sheria inayovilazimisha vyuo kutangaza takwimu za uhalifu chuoni. Siku hizi hutolewa kila mwaka ifikapo Oktoba Mosi, ubakaji ukiwemo. Ina udhaifu wake: vyuo vingi huandika sifuri, na sifuri yaweza kumaanisha usalama au ukimya. Hata hivyo inampa mwandishi kitu cha kuuliza mwezi ambao hakuna kashfa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotoa ithibati hapa kwetu. Inaweza kuvitaka vyuo vitangaze malalamiko yaliyopokelewa na madawati ya jinsia, yaliyoamuliwa, na muda yaliyochukua, bila jina la mtu yeyote. Chuo kitakachoandika sifuri miaka mitatu mfululizo, huko ndiko mhariri amtume mwandishi wake.