Kabla uite haidroponiki mchezo wa matajiri, hesabu mitungi

Ukitaja haidroponiki, yaani kupanda mboga kwa maji bila udongo, hapa Nairobi, jibu huwa ni lile lile, ati hiyo ni mambo ya watu wa Runda na Karen, mama mboga si yuko hapo chini, sukuma ni ya bei ya chini, ya nini kujisumbua na ndoo na mbolea za duka. Na si jibu la kijinga. Tukipiga hesabu ya shilingi peke yake mama mboga anashinda, maana ukinunua ndoo, mbolea zenyewe na kile kidude cha kupima pH (kipimo cha asidi ya maji), utakula sukuma miezi mingi kabla pesa yako irudi. Hapo sibishani.

Lakini mimi naishi ghorofa ya nne, Umoja, na kitu hunikosesha usingizi huku si bei ya sukuma, ni maji. Maji yakikuja unajaza kila kitu kinaweza kujaa, yasipokuja unanunua ya mtungi na unayapandisha ngazi. Sasa kuna utafiti mmoja wa 2015 wa letasi kule Arizona, Marekani, ambao wanaoitetea haidroponiki na wanaoipinga wote hupenda kuutaja. Ulipata kwamba kilo moja ya letasi shambani inakula kama lita 250 za maji, na kwa haidroponiki kama lita 20. Watu husoma hizo namba wakapita tu. Zisome kama mtu wa ghorofa. Lita 20 ni mtungi mmoja. Lita 250 ni mitungi kumi na mbili na nusu, na ngazi ni zile zile, mgongo ni ule ule.

Ndiyo, Arizona ni jangwa. Shamba la Limuru linanyeshewa na udongo wake unashika unyevu, kwa hivyo siwezi kukuambia tofauti ni kubwa hivyo huku kwetu. Lakini mimi siongei juu ya Limuru. Naongea juu ya gunia la udongo kwa balkoni, ambalo lina slabu ya jirani juu yake kwa hivyo mvua haliioni, jua la mchana linalikausha, na ukimwagilia nusu ya maji inatoka chini inaenda kwa nguo za mtu wa ghorofa ya tatu. Kwa ndoo yenye kifuniko, maji hayana pa kwenda ila kupitia mmea.

Utafiti huo huo pia ulisema haidroponiki ilikula nguvu, yaani nishati, mara 82 zaidi ya shamba, na wapinzani wakifika hapo wanafunga kesi. Hii ndiyo inaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo nguvu ilikuwa ya kupasha joto na kupoza nyumba ya mimea. Nani huku anawashia letasi hita? Tuko karibu na ikweta, mwangaza ni masaa 12 hivi mwaka mzima, na mwinuko wetu unatuepusha na joto la Mombasa. Pampu ya kuzungusha maji nayo hauhitaji. Kuna njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, unaweka maji na mbolea mara moja, mmea unakunywa, maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki ikipumua hewa. Letasi moja inatosheka na kama lita 4 mpaka uivune, na stima ikipotea hata haijui.

Sasa, ina ukorofi wake. Ndoo yangu ya kwanza niliweka maji ya borehole na majani machanga yakageuka manjano mishipa ikibaki kijani, kumbe pH ilikuwa juu, mmea ukashindwa kuchukua madini ya chuma. Inafaa iwe kati ya 5.5 na 6.5. Mbolea ya kalsiamu ukiichanganya na ile ya salfeti zikiwa bado nzito, hazijaongezwa maji, zinagandamana chini kama chokaa, ndiyo maana zinauzwa pakiti mbili. Na wenye kutetea udongo wana point kubwa moja, samadi ya kuku inatoka hapa hapa lakini hizi chumvi za mbolea ni za kiwandani, duka likikosa umekwama.

Kwa hivyo ukiwa na kaploti Kikuyu au Ruai, panda kwa udongo, na mimi ningepanda huko. Na ukiwa Pipeline na balkoni yako imeangaliana na ukuta wa jirani, jua halifiki hata masaa matano, usinunue chochote kwanza, letasi itarefuka tu ikilala. Haya maneno ni ya yule jua linamfikia kutoka saa tatu mpaka saa tisa, hana udongo, na maji anayapandisha kwa mkono.