Wimbo wa "asili" una mwenyewe?

Siku mwali anapotolewa nje na mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ukapita mtaani Dar es Salaam, Mbagala au Manzese, hakuna anayeuliza wimbo ni wa nani. Watu wanafuata ngoma, wanaitikia, na mwenye sauti kali anapachika ubeti wake hapohapo. Kasheshe huanza kiitikio hichohicho kinapoingia studio, kikatiwa biti na kupandishwa YouTube kwa jina la msanii mmoja.

Wanaomtetea msanii wana hoja nzito. Mchiriku, muziki wa mitaani Dar, ulizaliwa na ngoma hizohizo za Wazaramo, na singeli, muziki wa kasi wa vijana, imekulia humohumo. Kila kiitikio kikilipiwa, kijana wa Tandale mwenye kompyuta ya kuazima hatatoa hata kibao kimoja. Halafu amlipe nani? Wazaramo hawana akaunti ya pamoja benki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 ilijaribu kujibu. Mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sanaa za jadi nazo zimetengewa sehemu yake: anayezitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kimila, anatakiwa apate kibali cha Baraza la Sanaa. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Ila kibali kikishatoka, bibi wa Kisarawe aliyeutunza wimbo huo kichwani tangu usichana wake anapata nini? Mimi sioni.

Hata hivyo, linalonitia shaka zaidi ni neno lenyewe, "asili". Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Ulipofika Marekani ukachukuliwa kama wimbo wa kienyeji tu, ukazaa vibao vilivyoizunguka dunia. Linda akafariki 1962 akiwa fukara, na familia yake ikafikia makubaliano ya malipo 2006. Kumbe "asili" hiyo ilikuwa mtu, tena mwenye watoto. Jirani zetu nao wana "Malaika": wengi wanamtaja Fadhili William wa Kenya, wengine wanasema ni wa Adam Salim, Mtanzania, na ubishi haujaisha. Kwa "Salome" ya Diamond na Rayvanny, 2016, kazi ya kumjua mwenyewe ilikuwa nyepesi, maana kila mtu alijua imetoka kwa mwimbaji Saida Karoli.

Kwa hiyo siungi mkono kila kiitikio cha ngoma kitozwe fedha. Msanii na amiliki biti yake, beti zake na mpangilio wake. Kiitikio alikikuta, asimzuie mwingine kukichota. Mpiga video wa harusi akirekodi mdundiko barabarani, asije akaambiwa kaiba kibao cha mtu. Lakini kabla prodyuza hajaandika "asili", aulize kwanza: aliyekuimbia ni nani, kijiji gani, naye alijifunza kwa nani? Majibu yaandikwe pamoja na wimbo. Baraza lingeweza kulifanya hilo sharti la kibali chake, na gharama yake ni kalamu na simu mbili tatu.