Kariakoo inapanda juu kiwanja kwa kiwanja

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo, Kariakoo, liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, baadhi yao baada ya kuwasiliana na waokoaji kutoka chini ya kifusi. Zaidi ya 20 walifariki. Tangu siku ile, kila yanapozungumzwa maghorofa ya Dar es Salaam, watu wanagawanyika pande mbili. Wapo wanaosema imetosha, ujenzi huu usimamishwe kabla haujaua wengine. Wapo wanaosema jiji la watu milioni tano haliwezi kurudi kwenye nyumba za makuti kwa sababu ya jengo moja bovu. Kila upande una ukweli wake. Ila naona pande zote mbili zinahesabu ghorofa kwenda juu, wakati ugonjwa uko chini, kwenye mpaka wa kiwanja.

Mpaka huo ni mkongwe. Wajerumani ndio walioanza kupima eneo hili, mwishoni mwa utawala wao, wakalipanga kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo, kila kimoja cha kutosha nyumba moja ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo, bafu na jiko. Vita vya kwanza vikaja, Waingereza wakaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina likabaki Kariakoo. Kati yake na Uhindini pakaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja ili rangi zisichanganyike. Humo humo Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Bendera zimebadilika, lakini mistari ya wapimaji wale kwa sehemu kubwa ndiyo ile ile. Palipotosha vyumba sita leo panasimama ghorofa nane, kumi, na zaidi, ukuta umegusana na ukuta wa jirani, kila jengo na mkandarasi wake, msingi wake, kisima chake na karo lake.

Nianze na wanaotetea maghorofa, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyopewa heshima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja wa ziada wengi wao hawakwenda mjini, walikwenda Chanika, Mbagala, Kibamba, Bunju na kwingine ambako barabara ya lami ni ahadi ya kampeni. Mtu wa huko anaamka saa kumi alfajiri kuwahi duka lake Kariakoo na kurudi watoto wamelala. Kila nyumba mpya pembezoni inadai bomba, nguzo za umeme, shule na zahanati. Kupandisha nyumba juu karibu na kazi, karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, ni akili ya kawaida.

Halafu kuna suala la fedha. Linganisha Kariakoo na Posta, eneo la ofisi katikati ya jiji. Minara mingi mirefu ya Posta ilijengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani kwa michango ya walimu, manesi na makarani. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ofisi nyingi zikabaki zinatafuta mpangaji. Kariakoo hakuna mstaafu aliyewekwa rehani. Tangu milango ya biashara ya nje ilipolegezwa mwaka 1984, eneo hili limejengwa kwa faida ya vitenge, viatu, vipuri na simu. Mwenye kiwanja hana mtaji, mfanyabiashara anao, wanaingia ubia. Fremu za chini, yaani vyumba vya maduka, zinapata wapangaji kabla lipu haijakauka, tena kwa kilemba, malipo ya kuingilia, kinachoweza kujenga nyumba nzima Chanika. Wateja wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Kampala. Mahitaji haya ni ya kweli, hayakubuniwa na mtu ofisini, na yeyote anayetaka ujenzi usimame aeleze biashara hiyo itakwenda wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji hulisahau. Kisutu na Upanga, Sheria ya Utwaaji Majengo ya 1971 ilichukua nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Huko nyumba ya zamani inapovunjwa, mazungumzo ni ya shirika na mbia wake, na mpangaji wa miaka arobaini anapata notisi. Kariakoo yenye vibanda vya thamani ndogo iliponea kwa sehemu kubwa. Wenye viwanja wengi wakabaki familia za Kiafrika za kipato cha kawaida, na ghorofa linapotaka kusimama ni lazima mtu wa familia hiyo ashike kalamu. Ni nguvu ambayo wakazi wa katikati ya miji mingi duniani hawana.

Lakini kalamu hiyo inasaini nini? Hapa ndipo utetezi unapoanza kunilegea. Familia moja ninayoifahamu ilisaini mkataba wa ubia wa kurasa nyingi bila mwanasheria wao wenyewe. Mbia achukue fremu za chini na ghorofa za kwanza kwa miaka mingi, familia ipewe vyumba vya juu. Walidhani wamepata nusu ya jengo. Walipata nusu ya idadi ya ghorofa, lakini sehemu ndogo sana ya pato, kwa sababu Kariakoo fedha iko chini, pale mteja anapopita kwa miguu. Juu, ambako lifti haifanyi kazi, hakupangishiki nyumba ya kuishi. Bibi mwenyewe, aliyezaliwa kwenye kiwanja kile, alihamia kwa mwanawe Mbagala kwa sababu magoti hayakuziweza ngazi.

Kwa hiyo vyumba vya juu vinakuwa nini? Stoo. Ile hoja nzuri ya kuwaleta watu karibu na kazi inakufa hapa, maana ghorofa zilizoombewa kibali kama makazi zinalala marobota, si watu. Na stoo si suala la matumizi tu, ni suala la uzito. Kwa kanuni za uhandisi tulizorithi kwa Waingereza, sakafu ya makazi hukokotolewa kubeba kiasi cha kilo 150 kwa kila mita ya mraba juu ya uzito wake yenyewe. Sakafu ya ghala la kawaida hukokotolewa karibu kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Panga bidhaa hadi mita tatu, umefika kilo 700 na zaidi kwenye mita ile ile ya mraba. Hakuna nondo iliyoibiwa hapo, hakuna saruji iliyochakachuliwa. Jengo lililojengwa kwa uaminifu kabisa linageuzwa hatari na mpangaji asiyejua kitu, kwa kubeba mzigo kichwani ngazi kwa ngazi.

Chini nako kunachimbwa. Baada ya ajali ya 2024 maelezo mengi yaligusa kazi ya uchimbaji iliyokuwa ikiendelea chini ya jengo lile kupata nafasi zaidi ya biashara. Hata pasipo kulihukumu jengo lile moja, kila anayetembea Kariakoo anajua hamu ya kuongeza fremu ya handaki. Ardhi ya pale ni mchanga wa pwani. Ukichimba pembeni ya msingi wa jirani bila kuukinga, mchanga wake unakuja kwako. Jirani anaweza kuwa amefuata kila kanuni, akaanguka kwa shimo ambalo halikuwa lake.

Mwaka 2013, siku ya Ijumaa Kuu, Machi 29, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Wakati ule ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa pungufu. Miaka kumi na moja baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi ni jambo jema, na ninawaheshimu wahandisi wanaoingia kwenye majengo wasiyoyaamini. Ila ukaguzi wa jengo moja moja unamwangalia mgonjwa mmoja mmoja katika chumba ambacho wote wanalala kitanda kimoja.

Fikiria kizuizi kimoja cha mitaa, kile kipande kati ya barabara nne. Kina viwanja kumi, kumi na tano. Kila mwenye kiwanja akijenga kivyake hadi mpakani, hakuna dirisha la pembeni linaloona mwanga, hakuna njia ya gari la zimamoto kufika nyuma, hakuna pa kuegesha wala pa kushushia mzigo, na maji taka ya ghorofa kumi yanaingia kwenye mfereji uliotosha vyoo vya uani. Mvua za masika zikinyesha, sote tunakanyaga jibu. Ghorofa zile zile, kwa idadi ile ile ya fremu, zingejengwa kwa mpango mmoja wa kizuizi kizima, pangepatikana uwazi katikati, msingi mmoja uliopimwa, njia ya mizigo, lifti zinazofanya kazi kwa sababu gharama yake inagawanywa, na ghorofa za stoo zilizokokotolewa kama stoo tangu mwanzo.

Najua jibu la wenye viwanja, na si jibu la ukaidi. Kiwanja kimoja kina warithi kumi na wawili, wengine wako Muscat, wengine hawasemezani tangu matanga ya babu. Ukiunganisha viwanja kumi umeunganisha mirathi kumi. Na wazee wana kumbukumbu. Walioona nyumba za watu zikitwaliwa mwaka 1971 hawaoni salama kukabidhi hati kwa chombo cha pamoja ambacho mwenyekiti wake hawamjui. Mimi ningekuwa na kiwanja hapo ningeogopa vilevile.

Woga huo unajibiwa kwa karatasi, si kwa semina. Sheria ya mwaka 2008 tayari inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Familia inayotoa kiwanja ingeweza kupewa hati ya sehemu ya fremu za chini, kwa uwiano wa ardhi iliyotoa, kabla nyumba ya zamani haijabomolewa. Haitoshi ahadi ya vyumba ghorofa ya saba. Jiji nalo lingeweza kuwapa wanaoungana ghorofa za ziada, na kumwekea anayejenga peke yake ukomo wa chini zaidi. Faida ndiyo iliyoipandisha Kariakoo. Nayo ndiyo itakayowaleta majirani mezani, ikiwa kuungana kutalipa kuliko kujitenga.

Hilo litachukua miaka. Kuna dogo la mwaka huu. Wakati wa ujenzi kila eneo la kazi linatakiwa kuwa na bango lenye majina ya mmiliki, mkandarasi, mhandisi na mbunifu. Jengo likikamilika bango linang'olewa, na maarifa yote juu ya jengo yanaondoka nalo. Kibaki kibao kimoja cha chuma kwenye ngazi ya kila ghorofa, kwa Kiswahili, kikisema sakafu hii ilikokotolewa kubeba kilo ngapi kwa mita ya mraba, na ni kwa makazi, duka au stoo. Mpagazi anayepandisha robota la tano atakisoma. Binti anayekaa kaunta ghorofa ya chini, ambaye dari lake ndilo sakafu ya stoo hiyo, naye atajua anakaa chini ya nini.