Sajenti na Sindano Isiyouma

Mjomba wangu wa Muheza anaamini nauza Panadol Marekani, na nimechoka kumsahihisha. Mfamasia wa kliniki kama mimi, katika mfumo wa afya wa maveterani wa Marekani, VA, hakai dirishani kuhesabu vidonge. Ana chumba chake, mashine ya presha, kiti cha mgonjwa, na kibali cha kuanzisha dawa, kubadilisha dozi, kusimamisha dawa na kuagiza vipimo vya damu bila kumkimbilia daktari kwa kila kidonge. Daktari mmoja wa kundi ana wagonjwa kama 1,200. Wale ambao sukari, presha au mafuta ya damu yamegoma kushuka ndio wanaotuangukia sisi. Dawa zenyewe nyingi hufungashwa na mitambo ya famasia za posta huko mbali, zikamfikia mzee mlangoni kwake. Mfamasia na dawa huonana kwa nadra, na upenyo wa balaa lote hili ulikuwa hapo.

Mgonjwa wetu tumwite Sajenti. Jina na kijiji nimebadilisha. Hata mbwa nimempa jina jingine. Umri miaka 74, kilo 96, kaskazini mwa Minnesota. Alipigana Vietnam, na kwa waliokuwa kule kisukari cha aina ya pili kimehesabiwa tangu 2001 kuwa kimetokana na utumishi, kwa sababu ya Agent Orange, dawa ya kuulia majani iliyomwagwa misituni. Baadaye akawa mkufunzi wa makuruta. Ukishajua hilo la makuruta umeshajua nusu ya kisa.

Faili lake lilikuja kwangu likiwa limepita mikono mingi. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, asilimia 11.6. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 286 kwa vipimo vya Marekani, ambayo kwa vipimo vya nyumbani kwetu ni 15.9. Insulini glajini ya usiku, ile inayofanya kazi taratibu kutwa nzima, ilianza yuniti 10, ikapanda 20, 34, 48, sasa 64, na sukari haikutikisika. Kompyuta nayo ilimsifu: dawa anachukua kwa wakati, hajachelewa hata mara moja. Kalamu moja ya kujichomea insulini ina yuniti 300, kwa hiyo kwa dozi ya 64 huisha chini ya siku tano, na kalamu zilikuwa zinaisha barabara.

Dozi ikifika zaidi ya nusu yuniti kwa kila kilo ya mwili na asubuhi bado ni balaa, mwenye akili haongezi tena. Anauliza insulini inakwenda wapi. Nikampangia miadi ya video, nikamwambia awe na kalamu, sindano na sanduku vyote mezani.

Video ilipofunguka nikaona sikio. Sikio kubwa, la kijeshi, lenye nywele.

"Sajenti, shusha simu mbele ya uso."

"Nakusikia vizuri hivi hivi, Daktari."

"Mimi nataka kukuona."

Likatoweka sikio, nikaonyeshwa feni ya dari kwa muda mrefu. Mwishowe mkewe akamnyang'anya simu akawa mpiga picha, na tangu hapo mambo yakawa na heshima, ukiacha kwamba mama huyu akiongea huelekeza kamera kule anakotazama yeye, yaani jikoni.

Nikaanza na mshukiwa wa kwanza: baridi. Ilikuwa Februari, na insulini ikiganda hata mara moja imekufa. Ikiyeyuka yaweza kurudi kuwa maji meupe safi, usiitambue kwa macho. Hapana, kifurushi hupokelewa mlangoni. Kalamu ambazo hazijafunguliwa ziko kwenye friji, rafu ya kati, mbali na barafu. Inayotumika iko kabatini, na haifikishi hata wiki, achilia mbali siku 28 ambazo glajini ya aina yake huruhusiwa kukaa nje. Safi.

Mshukiwa wa pili: vivimbe. Anayechoma sehemu moja kila siku hufuga manundu ya mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia humo hunyonywa kwa kusuasua. Nikaomba kuona tumbo. Sajenti akasimama wima, akapandisha fulana. Mkewe akasogeza simu hadi kitovu kikajaa skrini nzima, na mwanafunzi wa famasia aliyekaa kando yangu akajifanya anaandika.

Tumbo lilikuwa laini kama godoro lililotoka dukani leo. Hakuna nundu, na wala hakuna doa. Mtu anayejichoma kila usiku kwa miezi saba, na ngozi haina alama hata moja!

"Sindano za siku hizi ni nzuri," akasema kwa fahari. "Haziumi kabisa. Nimewaambia na wenzangu."

Hapo mkewe akadakia kutoka nyuma ya kamera: "Muulize basi kwa nini fulana zake zinanuka plasta. Nafua, zinanuka plasta. Nabadilisha sabuni, plasta!"

Nywele zikanisimama. Insulini ina kihifadhi kinachoitwa metakresoli, na harufu yake ndiyo hiyo hiyo ya plasta ya kidonda. Ukiisikia harufu hiyo kwenye nguo, dawa iko kwenye nguo.

"Sajenti, nionyeshe unavyofanya. Usiniambie. Fanya, bila dawa kwanza."

Alifanya kwa dawa, maana alikuwa ameshaanza. Lakini alifanya kama gwaride. Akafuta mpira wa kalamu kwa spiriti. Akabandua karatasi ya sindano, akaisokota ikakaza. Akavua kifuniko kikubwa cha nje. Akaruka hatua ya kumwaga yuniti 2 hewani kutazama kama tone linatoka. Akazungusha hadi 64, akaisimamisha kalamu tumboni, akaibonyeza mpaka mwisho, akahesabu kwa sauti ya kuamsha kambi: "MOJA! MBILI! TATU!" hadi kumi, kama inavyotakiwa.

Alipofika nne, dawa ilishaanza kuteremka tumboni. Alipofika sita, mbwa akatokea. Anaitwa Koplo. Hakuitwa na mtu. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayejua ratiba, akakaa chini ya kiti, akanyoosha shingo, akalamba yuniti 64 za glajini kwa utulivu wa mzoefu.

(Koplo hana tatizo lolote. Insulini ni protini, tumboni humeng'enywa kama nyama. Ndiyo maana binadamu tunachomwa badala ya kumezeshwa.)

Sindano ya kawaida ya kalamu ina vifuniko viwili. Cha nje ni kikubwa. Ndani yake kuna kingine chembamba, kirefu, kilichofunika sindano yenyewe, na hicho nacho lazima kitolewe. Sajenti alikuwa hajawahi kukigusa. Alichokuwa anakikandamiza tumboni usiku hadi usiku ni plastiki. Hakuwa mjinga. Alifundishwa wodini, na wodini hutumia sindano za usalama ili wauguzi wasijidunge. Zile huvua kifuniko kimoja tu, halafu ngao iliyobaki hurudi nyuma yenyewe ukibonyeza kwenye ngozi. Akafuzu. Akarudi nyumbani, posta ikamletea za kawaida. Mkufunzi wa makuruta hafuati hatua ambayo hakufundishwa. Mwaka 2017 tahadhari ya usalama wa dawa ilitolewa Marekani nzima kuhusu mkanganyiko huu huu, kwa hiyo hakuwa wa kwanza.

"Sajenti, hicho kidogo chembamba, kivute."

Akakivuta. Akaitazama sindano, milimita 4 za chuma. Kimya.

"Kumbe ipo," akasema.

Mtu mwingine angefurahi hapo akakata simu. Mimi ndipo jasho lilipoanza, kwa sababu mzee mtiifu alikuwa ameshazungusha tena 64, kalamu hewani, tayari kusahihisha kosa lake papo hapo.

"SIMAMA!" nikapiga kelele. Mlango wa jirani ukafunguliwa. Sajenti aliganda, mkewe akaganda, na Koplo akakaa chini.

Zile 64 zilipandishwa ngazi kwa ngazi kwa mwili ambao haukuwa umepata hata yuniti moja. Ukizipiga zote kwa mara ya kwanza ndani ya mwili, usiku sukari huporomoka, na mzee hafahamu kwa kuwa amelala. Huwezi kurithi dozi ya fulana. Unaanza upya kama mgeni: yuniti 10, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo. Tukachagua 10. Kila siku tatu aongeze 2, hadi sukari ya asubuhi ikae kati ya 90 na 150. Umri wake hauhitaji kubanwa zaidi ya hapo. Ikishuka chini ya 70, anywe nusu kikombe cha juisi, yaani gramu 15 za sukari, apime tena baada ya dakika 15. Glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, nikamwandikia mkewe, maana ndiye atakayekuwa macho. Na kabla ya kila dozi, yuniti 2 hewani. Hatua hiyo hudharauliwa kuliko zote, na kumbe ndiyo ingemwonyesha tangu siku ya kwanza kwamba dawa inajaa kwenye plastiki.

Akazungusha 10. Akaweka. Akabonyeza.

Sitaandika alichosema. Mkewe alimkemea, na mwanafunzi alijifunza msamiati.

"Hizi sindano zenu mpya ni mbovu," alimalizia. "Zinachoma."

Baada ya miezi mitatu alikuwa kwenye yuniti 28, HbA1c 8.0, fulana zinanuka sabuni. Koplo, naambiwa, aliendelea kuripoti kazini saa tatu usiku kwa wiki kadhaa kabla hajakata tamaa.

Lakini kumbuka ile "nimewaambia na wenzangu." Hakuwaambia tu. Aliwafundisha, ukumbini kwao, kwa hatua na kwa kuhesabu. Kwa kuheshimu siri za wagonjwa, sikuuliza kina nani. Sajenti hakungoja kuulizwa: aliwaleta wote wawili kliniki kwa ridhaa yao, au tuseme kwa amri yake, kila mmoja na kalamu zake kwenye mfuko wa dukani. Nikawapa sponji ya mazoezi na kalamu ya maji.

Wa kwanza alifanya kama mwalimu wake, hatua kwa hatua, sponji kavu, meza imelowa.

Wa pili, mzee mfupi mpole, akavua kifuniko cha nje, akavua cha ndani, akamwaga mbili hewani, akachoma vizuri, akahesabu kimoyomoyo. Nikatazama sukari zake. Zote zilikuwa nzuri.

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza.

"Nilisoma karatasi iliyomo ndani ya sanduku," akasema, akimwangalia Sajenti kwa jicho la pembeni. "Ila miezi yote hii, huyu ananicheka mbele ya watu kwamba mimi ni mwoga wa sindano."